GITAA LA BESI: KULINUNUA, KULIUZA NA KUSAFIRI NALO

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaifahamu sote tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeiandikia insha. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuitumia wakati wa kununua kitu kikubwa kwa pesa za mchango? Hapa Bisil vijana wa makanisa, vikundi vya kutumbuiza harusini na hata sisi wanafunzi huchanga shilingi mia mia kwa miezi mingi, kisha pesa hizo hupelekwa Nairobi kutafuta gitaa la besi na amplifaya yake. Pesa ni za watu wengi, chombo ni kimoja, na mara nyingi yule anayetumwa hajui aangalie nini. Hapo ndipo mambo huharibika.

Ndugu msomaji, katika makala haya nakusudia kueleza jinsi ya kununua besi, jinsi ya kuiuza na jinsi ya kuisafirisha bila kuivunja. Ili tusisahau, nimeyagawa maelezo yangu katika vitu vitatu: macho, kalamu na kamba. Macho ni ya kukagulia, kalamu ni ya kuandikia nani mwenye mali, na kamba ni ya kufungia mzigo safarini. Anayekosa kimoja kati ya hivyo vitatu atapata hasara, hata kama viwili vilivyobaki anavyo.

BESI NI CHOMBO GANI?

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Besi ya kawaida ina nyuzi nne nene, na shingo yake ni ndefu zaidi. Nyuzi hizo huitwa E, A, D na G, kuanzia ile nene kabisa. Uzi wa E hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na ndiyo sababu sauti yake huisikii masikioni tu, bali hata kifuani. Zipo pia besi za nyuzi tano na sita, lakini anayeanza atatosheka na nne.

Zamani wanamuziki wa Ulaya na Marekani walitumia besi ya kusimama, chombo kirefu kuliko mtu, chenye tumbo kubwa kama pipa. Kukisafirisha ilikuwa adhabu. Katika miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa mji wa Seattle alitengeneza besi ndogo ya umeme, ila haikuenea sana. Mwaka 1951 Leo Fender wa California akatoa besi aliyoiita Precision. Ilikuwa na vyuma vidogo shingoni, hivyo mpigaji aliweza kuipata sauti sahihi bila kubahatisha. Isitoshe, iliwezekana kuibeba mkononi na kuingia nayo garini. Kwa hivyo tunaweza kusema kwamba besi ya umeme ilizaliwa kwa sababu ya safari.

Hapa Afrika Mashariki besi haikai nyuma ya wenzake. Katika benga, muziki ambao Daniel Owino Misiani na wenzake wa Shirati Jazz waliuvumisha kutoka nchi ya Ziwa, besi hujibizana na gitaa la solo kama watu wawili wanaobishana. Vile vile wapenzi wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978, wanaikumbuka besi ya Tom Malanga jinsi inavyotembea polepole chini ya wimbo.

Na sisi wa Matapato tusijione wageni katika jambo hili. Katika nyimbo za Kimaasai, olaranyani huongoza kwa sauti ya juu, na wenzake humjibu kwa mngurumo wa chini unaotoka kooni. Mngurumo huo ndio besi yetu, na haukununuliwa dukani. Labda ndiyo maana kijana wa hapa akiisikia besi mara ya kwanza kanisani hahitaji kufundishwa ni ya kazi gani.

MACHO: KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Sisi sote tumefika kwenye soko la mifugo la Bisil. Mzee anayenunua ng'ombe hatoi pesa kwa sababu ngozi inang'aa. Atamfungua mnyama mdomo aone meno, atamtembeza aone kama anachechemea, ataangalia alama ya moto na mkato wa sikio ajue ametoka kwa nani. Mtu akimharakisha, yeye huondoka. Hebu tununue besi kama mzee huyo.

Kwanza, shingo. Ishike besi, uiangalie shingo kutoka upande mmoja kama fundi seremala anavyoangalia ubao. Isiwe imejipinda kama upinde wala kujisokota. Kisha bonyeza uzi kwenye chuma cha kwanza na kile cha mwisho kwa wakati mmoja, uangalie katikati. Kukiwa na nafasi ndogo ya kupitisha karatasi, ni sawa. Kidole kikipita, shingo imepinda. Shingo nyingi zina fimbo ya chuma ndani ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili kuinyoosha. Muulize muuzaji kama fimbo hiyo inazunguka. Ikiwa imekwama, tatizo hilo si dogo.

Pili, vyuma vya shingoni. Piga kila uzi kwenye kila chuma, kuanzia juu mpaka chini. Usione haya hata watu wakikucheka dukani. Mahali ambapo sauti inakwaruza au kufa ghafla, chuma kimelika au kimeinuka.

Tatu, ulinganifu wa sauti. Piga uzi ukiwa wazi, kisha uubonyeze kwenye chuma cha 12 na upige tena. Sauti ya pili iwe ile ile, ila juu zaidi kwa oktava moja. Siku hizi simu zina programu za kupimia sauti, kwa hivyo hata asiye na sikio zuri anaweza kupima. Tofauti ndogo hurekebishwa pale nyuzi zinapokalia, lakini tofauti kubwa ni dalili ya shingo mbovu au chombo kilichoundwa vibaya.

Nne, vigingi vya kukazia nyuzi. Vizungushe kimoja kimoja. Viwe vizito kidogo, visiteleze vyenyewe. Nyuzi nne za besi kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, kwa hivyo kigingi kilichochoka hakitashika sauti hata nusu ya wimbo.

Tano, umeme wake. Nenda na waya wako mwenyewe, kwa sababu muuzaji mjanja akiulizwa kuhusu kelele atasingizia waya wake. Chomeka kwenye amplifaya, zungusha vidhibiti vyote, tikisa jeki. Mkwaruzo mdogo wakati wa kuzungusha ni vumbi tu, na fundi atausafisha. Sauti ikikatika, kuna waya umeachia. Besi nyingine hutumia betri ya volti 9 ndani yake. Hizo ukiziacha na waya umechomekwa usiku kucha, betri huisha. Basi chomoa waya kila unapomaliza kupiga.

Sita, nyufa. Angalia mahali shingo inapoungana na mwili, na pale kichwa kinapoanzia. Rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu huwa inaficha jambo.

Mwisho, jina. Kichwani besi inaweza kuandikwa Fender na isiwe ya Fender hata kidogo. Kubandika jina ni rahisi kuliko kutengeneza chombo. Nunua kile ulichokisikia na kukishika, usinunue maandishi.

AMPLIFAYA NA UMEME WETU

Watu wengi humaliza pesa zote kwa gitaa na kusahau kwamba besi bila amplifaya ni ubao tu. Wengine huchomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida na kuongeza sauti mpaka karatasi ya spika inachanika. Sauti ya chini huhitaji nguvu nyingi na spika iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiwa na pesa kidogo, ni heri besi ya kawaida na amplifaya nzuri kuliko besi ya fahari na amplifaya mbovu.

Jambo la hatari zaidi ni volti. Umeme wa Kenya ni volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Amplifaya iliyotumwa na jamaa aliye Marekani ikichomekwa moja kwa moja ukutani hapa Bisil inaweza kuungua papo hapo. Angalia maandishi yaliyo nyuma yake kabla ya kitu kingine. Yakisema 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei yake uiingize katika hesabu tangu mwanzo. Aidha usikubali plagi iliyokatwa pini ya ardhi. Mpigaji hushika nyuzi za chuma siku nzima, na pini hiyo inaweza kumwokoa maisha.

Kwenye mikutano ya nje tunatumia jenereta, na umeme wa jenereta hupanda na kushuka. Washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uwashe amplifaya. Stima ikipotea kanisani, zima amplifaya mara moja usisubiri irudi yenyewe, maana huweza kurudi kwa kishindo.

HESABU YA BEI

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo bei ndogo hutupofusha macho. Chukua mfano huu, ambao tarakimu zake nimezitunga ili kuonyesha hesabu tu. Besi iliyotumika inauzwa Sh 18,000. Inahitaji nyuzi mpya za Sh 2,500, fundi wa kunyoosha shingo kwa Sh 1,500, na jeki mpya kwa Sh 1,000. Jumla ni Sh 23,000. Kama besi mpya ya aina hiyo ni Sh 25,000 na ina dhamana ya duka, basi umeokoa Sh 2,000 na umejitwika kasoro zote. Fanya hesabu hiyo kwa penseli kabla ya kuondoka nyumbani, na kabla ya kukubali bei uliza maduka matatu. Kuuliza si ujinga.

Tena msitume pesa kwa simu kwa ajili ya picha nzuri mliyoiona. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 imeturahisishia mengi, lakini imewarahisishia na walaghai pia. Mtu akikuambia wengi wanaitaka, tuma nusu sasa hivi nikuwekee, mwambie awauzie hao wengi. Lipa ukiwa umekishika chombo.

KALAMU: NANI MWENYE VYOMBO?

Hapa sasa ndipo penye kiini cha makala yangu. Katika historia ya muziki wa dansi kuna neno moja zito: mwenye vyombo. Bendi nyingi za Tanzania na Kenya hazikuwa mali ya wapigaji. Vyombo vilikuwa vya tajiri, vya hoteli au vya shirika. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi wa Tanganyika. Mwanamuziki hata akiwa hodari namna gani, akihama aliondoka na vidole vyake tu. Besi ilibaki.

Mpango huo ulikuwa na uchungu wake, lakini angalau kila mtu alijua mali ni ya nani. Sisi na michango yetu hatujui. Tuseme vijana kumi na wawili wamechanga wakanunua besi. Baada ya mwaka mmoja, watano wamehamia Kitengela kutafuta kazi, wawili wameoa, na yule mpigaji anakaa na chombo kwao nyumbani. Je, besi ni ya nani? Ni ya mpigaji? Ni ya kanisa? Waliohama watarudishiwa pesa? Mpigaji akipata shida akaiuza, ameiba au ameuza chake? Mimi naamini vikundi vingi huvunjika kwa swali hili kuliko vinavyovunjika kwa ubaya wa muziki. Na ni swali ambalo ukurasa mmoja wa daftari ungelijibu siku ya kwanza.

Basi kikundi kiandike mambo manne kabla ya kununua: kila mtu ametoa kiasi gani, chombo ni mali ya kikundi au ya wanachama kwa hisa, nani atakitunza, na mtu akiondoka atapata nini. Wote watie sahihi. Nakala moja ikae kwa mwalimu au mzee wa kanisa.

Kisha yako maandishi ya siku ya kununua. Ukinunua dukani, dai risiti yenye jina la duka, aina ya chombo na nambari yake. Besi nyingi zina nambari ya utengenezaji nyuma ya kichwa au kwenye bamba la shingo. Nambari hiyo ndiyo alama ya moto ya gitaa. Ukinunua kwa mtu binafsi, ujumbe wa M-Pesa hautoshi, kwa sababu unaonyesha pesa zimekwenda kwa nani lakini hausemi zimenunua nini. Andikianeni namna hii:

"Mimi ________, nambari ya kitambulisho ________, leo tarehe ________ nimemuuzia ________ gitaa moja la besi lenye nyuzi nne, rangi ________, nambari ya utengenezaji ________, kwa shilingi ________ ambazo nimezipokea zote. Chombo hiki ni mali yangu halali na hakidaiwi na mtu yeyote. Kasoro ninazozijua ni hizi: ________. Sahihi ya muuzaji ________. Sahihi ya mnunuzi ________. Mashahidi ________ na ________."

Nakala ziwe mbili. Mnunuzi achukue moja, muuzaji abaki na nyingine. Wengine huona haya kumwomba mtu mzima maandishi, wakidhani ni utovu wa adabu. Adabu iko katika namna ya kuomba. Sikilizeni mazungumzo haya:

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Mzuri, kijana wangu. Karibu."

"Asante. Naomba kuangalia hii besi. Iko na risiti?"

"Risiti ilipotea kitambo. Lakini mali ni yangu."

"Sawa, mzee. Basi tunaweza kuandikiana, na jirani yako mmoja awe shahidi?"

"Aah! Wewe kijana umetumwa na polisi?"

"Hapana, mzee wangu. Nimetumwa na watu kumi na wawili, na kila mmoja ataniuliza."

Mwenye mali halali atacheka na kutafuta kalamu. Mwenye mali ya wizi atakasirika. Na akikasirika, shukuru Mungu, uondoke. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamhesabu kuwa na hatia mtu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Hata kama hukujua, mwenyewe akijitokeza na ushahidi unaweza kunyang'anywa chombo, ubaki na nyuzi za moyo wako.

KUUZA

Muuzaji naye ana wajibu wake. Safisha chombo, toa vumbi chini ya nyuzi, hakikisha vidhibiti vyote vinafanya kazi. Kasoro zitaje mwenyewe kabla ya mnunuzi kuzigundua. Ukisema "chuma cha tano kinakwaruza kidogo," utapunguza bei kidogo, lakini mnunuzi ataamini na mengine yote uliyosema. Bisil ni mji mdogo. Ukimdanganya mtu leo, kesho mtakutana sokoni.

Mwonyeshe mnunuzi chombo mchana, mahali penye watu na penye stima, kama ukumbini au kanisani. Mpe nafasi apige. Usimwachie aondoke nacho "akakijaribu nyumbani" bila pesa wala maandishi, hata kama ni binamu yako. Na kama chombo ni cha kikundi, asiuze mtu mmoja. Sahihi ya mwenyekiti, ya mweka hazina na ya mwanachama mmoja zitangulie.

Kukodisha nako ni aina ya kuuza, ila unauza siku. Andika siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, bei, na nani atalipa uzi ukikatika au spika ikichanika. Afadhali uende wewe mwenyewe na chombo, uketi karibu nacho mpaka sherehe iishe.

KAMBA: SAFARI

Kutoka Nairobi hadi kwetu, barabara hupita Mlolongo, Athi River, Kitengela, Isinya na Kajiado, kisha ndiyo Bisil, na ikiendelea mbele hufika Namanga na Arusha. Ni barabara ya muziki hiyo. Ndugu Wilson na George Kinyonga, watoto wa Tanga, walikuwa Arusha mwaka 1970, na mwaka uliofuata wakaingia Kenya, ambako Simba Wanyika ilipata sifa zake. Mwaka 1977 jumuiya ya zamani ilipovunjika mpaka ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Wanamuziki waliokuwa upande huu walibaki upande huu na vyombo vyao. Leo hii Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018, na mambo yamekuwa mepesi.

Besi ya kawaida ina urefu wa sentimita 117 hivi na uzito wa kilo nne hivi. Sanduku lako la bati la shule haliwezi kuimeza. Mfuko wa kitambaa hukinga vumbi lakini haukingi pigo. Kama pesa za sanduku gumu la kiwandani hazipo, fundi seremala anaweza kuunda la plaiwudi lenye urefu wa ndani wa sentimita 125, akatandika vipande vya godoro na blanketi kuukuu. Shingo ishikwe na mto chini yake isining'inie hewani. Pahali panapovunjika upesi ni pale kichwa kinapoungana na shingo, hivyo jaza nguo pande zote mbili za kichwa.

Legeza nyuzi kidogo kabla ya safari ndefu. Usizilegeze kabisa, kwa maana shingo imezoea kuvutwa, na ukiondoa uzito wote ghafla itajipinda upande wa nyuma.

Ndani ya matatu, besi isimame wima katikati ya miguu yako au ilale juu ya mizigo mingine. Isiwe chini ya magunia, na isipandishwe kwenye keria ikiwa hakuna njia nyingine ya kuizuia isirukeruke. Makanga akisema haina nafasi, elewana naye bei ya kiti kimoja zaidi. Uchungu wa nauli mbili hupoa jioni, lakini shingo iliyovunjika haiungiki kwa maneno. Amplifaya ikae chini, uso wa spika usielekee miguu ya abiria wala pembe za mbuzi. Kwenye boda boda, vaa mfuko mgongoni huku shingo ikielekea juu, wala usiilaze besi kwa upana kama kuni, maana ukipishana na gari ndiyo itakayogongwa kwanza.

Halafu kuna vumbi na jua letu. Funga mfuko ndani ya karatasi kubwa ya plastiki, lakini uifungue mara ufikapo. Usiiache besi ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa joto hulegeza gundi na kupinda mbao. Ukienda nayo Mombasa, ambako hewa ina unyevu, mbao zitavimba kidogo. Ukirudi huku kukavu zitanywea. Ipe siku moja itulie ndipo uirekebishe.

Ukivuka mpaka Namanga, beba risiti au ile hati ya mauziano, na umwonyeshe afisa wa forodha chombo chako kabla ya kuvuka, ili urudipo usidaiwe ushuru kama kwamba umekinunua kule. Anayeagiza besi mpya kutoka ng'ambo naye akumbuke kwamba bei aliyoiona siyo atakayolipa: kuna nauli ya mzigo, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine.

Kuna na jambo la mbao. Ubao wa vidole wa besi nyingi ni wa jamii ya miti iitwayo Dalbergia, ndugu wa mpingo wetu. Mkataba wa CITES unaolinda viumbe vilivyo hatarini uliiwekea jamii hiyo yote masharti kuanzia Januari 2017, na wanamuziki waliokuwa wakisafiri wakapata taabu. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kuundwa zilisamehewa kwa sehemu kubwa, isipokuwa zile za mti adimu wa Brazil. Mwenye chombo cha zamani sana na aulize kabla ya kukata tikiti.

Kwa ndege, uliza mapema kama chombo kitaingia nawe au kitakwenda na mizigo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2012 inawaruhusu wasafiri kuingia na gitaa ndani ya ndege ikiwa nafasi ya kuliweka ipo, lakini mashirika ya nchi nyingine yana kanuni zao. Mwaka 2008 gitaa la Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, lilivunjika katika safari iliyopitia Chicago. Shirika la ndege lilikataa kumlipa kwa sababu hakuwasilisha madai yake katika saa 24. Mwaka 2009 alitunga wimbo juu ya jambo hilo, ukasikika duniani kote. Wimbo ulimpa sifa, lakini kwa wengi wetu fomu ya madai ndiyo njia fupi zaidi. Fungua sanduku pale pale uwanjani, piga picha, andikisha malalamiko kabla ya kutoka.

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu, chombo cha muziki hakina tofauti na ng'ombe wa ukoo. Hukaguliwa kabla ya kununuliwa, huwekewa alama ili ajulikane, na huswagwa kwa uangalifu mpaka nyumbani. Kama klabu yetu ya muziki au kikundi chochote cha hapa Bisil kitaanza kuchanga pesa za besi, ombi langu ni moja. Daftari linunuliwe kabla ya gitaa. Bei yake ni ndogo, na ndilo litakalolinda urafiki wa wale waliochanga, hata siku ambayo nyuzi zote zitakuwa zimekatika.

Hadi hapo natia nanga.